Fomu ya Arobaini na Mbili

Hazina majina. Ndivyo ilivyoagizwa.
Umri, jinsi, kisha maswali kumi na mawili,
na kila swali alama ya vema: nakubali, sikubali, sijui.
Madaktari arobaini na mmoja wamejaza,
nami, karani wa masjala, nimepewa kuhesabu.

Hazina majina, lakini miaka ishirini na sita nimesoma miandiko yao
kwenye mafaili yaliyolowa, yaliyoliwa na mchwa,
yaliyonuka dagaa kwa mikono iliyoyabeba.
Huyu anayekandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka
ni Ng'wandu wa upasuaji, sitini kasoro moja.
Swali la tatu, "Mgonjwa anayechelewa kuja ni mzembe":
nakubali. Ametoboa.
Wino wa kijani ni Kokuhirwa wa wodi ya watoto, thelathini na moja.
Sikubali. Na pembeni, pasipo nafasi, ameandika:
"Usiku kutoka Kome kuna kivuko? Mmewahi kuuliza?"

Nahesabu. Wanawake chini ya arobaini, kumi na mmoja.
Wanaume waliopita hamsini, tisa.
Majibu yanaachana kama nyumba za maweni Mabatini,
hizi huku, zile kule, katikati mfereji.
Ningefurahi iwe hivyo tu, niandike ripoti, nikanywe chai.
Lakini Mugeta, ishirini na nane, kijana wa raba nyeupe,
amejibu kama babu yake.
Na mzee Lutobeka, anayestaafu Desemba,
aliyekuwa akiwafokea wajawazito hadi madirisha yanatetemeka,
amekubali mabinti wa shule watunziwe siri.
Ana mjukuu wa kike sasa. Au amechoka.
Fomu haina swali la uchovu.

Swali la saba.
"Mume atie sahihi kabla mke hajafungwa kizazi."
Wazee: nakubali, nakubali, nakubali. Mugeta: nakubali.
Madaktari mabinti: sikubali; yule wa kijani kapiga mstari mara mbili.
Nikafika kwa Nyanjige. Hamsini na saba, jinsi ke,
mwandiko mdogo, wa shule ya masista.
Ameacha wazi. Si vema, si sijui.
Doa tu la wino, pale kalamu iliposimama ikangoja.

Mwaka ule wa mvua kubwa alikuwa daktari mpya,
mwembamba, koti limemzidi mabega.
Mimi nilikuwa mume kwenye benchi, fomu nyingine mapajani.
Akaniambia, "Kizazi chake kimechoka, baba. Wa sita atamuua."
Daktari mkubwa akapita, akacheka:
"Usimharakishe mwanamume mwenzangu."
Mwanamume mwenzangu. Nikakaa wima.
Nikasema nitafikiri. Nikafikiri siku tatu,
nikala sato Kirumba, nikashauriana na wanaume,
kisha nikamrudisha mke wangu Igogo, mzima, hana kovu.

Wa sita yuko hai. Anauza vocha stendi ya Nyegezi.
Amechukua masikio ya mama yake.

Nyanjige hajawahi kunitajia.
Kila asubuhi, "Mwangaluka, karani,"
nami naitika, nampa mafaili, anaondoka nayo.

Jumla: fomu arobaini na moja.
Swali la saba: mmoja hakujibu.
Nimebakiwa na fomu moja tupu, mashine ilitoa ya ziada.
Umri: hamsini na tisa. Jinsi: me.
Kada: bingwa, daktari, daktari wa mafunzo. Ya karani haipo.
Nimeruka yote hadi la saba.
Kule ziwani visubi wamesimama kama moshi,
mfagiaji anafunga madirisha, moja, moja.
Kalamu imegusa karatasi.
Doa linapanuka,
nami bado nafikiri.